Wimbo wa matanga usigeuke wa arusi

Juma hili tunaacha kidogo habari za mashamba na za makaratasi ya shule, tunaongea juu ya kitu kinachoingia mfukoni: harmonika, ama kinanda cha mdomo kama wengine wanavyokiita. Katika vikundi vyetu vya Wamaza, na kwa wenzetu wa upande wa Kasongo na wa Kabambare, swali moja limerudi mara nyingi. Vijana wetu wanaipiga harmonika vizuri kwenye nyimbo za furaha. Lakini wakitaka kusindikiza nyimbo za huzuni, zile za matanga na zile za kukumbuka watu wetu waliopotea katika vita, wimbo unageuka. Sababu ni nini, na dawa iko wapi?

Swali hili si la mchezo. Katika matanga moja, wamama walianza wimbo wa taratibu, ule wa usiku, na kijana wa jamaa, kwa moyo mzuri kabisa, akatoa harmonika yake na kuingia. Noti alizopiga zilikuwa safi. Lakini dakika haikwisha, watu wakaanza kutikisa mabega kama wako kwenye arusi, na mama mwenye msiba akanyamaza. Bibi mmoja aliuliza kwa upole kama tumekuja kulia ama kucheza. Kijana aliirudisha harmonika mfukoni, na tangu siku hiyo hajaipiga tena mbele ya watu. Sisi tunahesabu hasara mbili hapo: wimbo ulipoteza maana yake, na mtoto alipoteza hamu. Wala hakuwa amekosa adabu. Aliponzwa na kile chombo, kwa sababu hakuna aliyemweleza namna kilivyopangwa ndani.

Sisi walimu tulilipeleka swali hilo darasani, kwenye saa za kuimba, tukiwa na harmonika moja tu na watoto wa darasa la sita. Tuliyoyaona tunawaandikia hapa. Mama aliyeimba korali na anayejua do-re-mi atafuata bila shida. Asiyejua amwite mtoto wake wa shule, wasome pamoja harmonika ikiwa mkononi.

Harmonika ya kawaida ina matundu 10 na ndimi 20 za shaba. Kila tundu lina ndimi mbili: mmoja unalia ukipuliza, mwingine unalia ukivuta pumzi. Waliowaona wazee wakipiga likembe wanaelewa upesi, maana likembe pia ni ndimi zinazotikisika, ila zile zinaguswa na kidole gumba na hizi zinaguswa na pumzi. Akordeoni nayo ni ndugu yake wa damu. Wazee waliokaa Léopoldville wanalikumbuka jina la Camille Feruzi na akordeoni yake. Ndani ya lile sanduku kubwa mlikuwa ndimi za namna hii hii.

Sasa tuangalie mpangilio. Juu ya bamba la harmonika kuna herufi, na kwa harmonika nyingi za bei nafuu herufi hiyo ni C, maana yake do. Ukipuliza kuanzia tundu la 1 hadi la 10 unapata: do, mi, sol, do, mi, sol, do, mi, sol, do. Ukivuta kuanzia la 1 hadi la 10 unapata: re, sol, si, re, fa, la, si, re, fa, la. Andikeni mistari hiyo miwili kwenye daftari, tutairudia sana.

Mmeona jambo? Mtoto wa miaka miwili akiweka mdomo popote na kupuliza, hawezi kukosea: atapata do, mi na sol pamoja. Hiyo ndiyo sauti ya furaha, ile ambayo wenye kusoma muziki wanaiita majeri. Chombo kimepangwa hivyo kwa makusudi. Kampuni ya Hohner ilianza kuzitengeneza mwaka 1857 katika mji mdogo wa Trossingen, Ujerumani, na mpangilio huu ulifaa nyimbo na michezo ya watu wa huko, ambazo nyingi zilikuwa za majeri. Kila apulizaye alirudi nyumbani kwenye do, na do ilikuwa inacheka.

Wimbo wa huzuni mara nyingi una mpangilio mwingine, unaoitwa mineri. Tofauti yake ni ndogo sana kwa hesabu na ni kubwa sana kwa sikio. Kutoka do kwenda mi kuna nusu-hatua 4. Kutoka re kwenda fa kuna nusu-hatua 3. Ni hilo tu. Jaribuni katika kikundi: imbeni do-mi-sol, polepole, mara tatu. Kisha imbeni re-fa-la, mara tatu, kwa mwendo ule ule. Darasani tulifanya hivyo bila kueleza kitu, tukawauliza watoto wimbo upi unafaa mtu anayesafiri na upi unafaa mtu aliyebaki. Hawakubishana.

Hapa tuseme pia ukweli mwingine, ili mtu asitushike kwa neno. Si kila mineri ni kilio, wala si kila majeri ni kicheko. Ziko nyimbo za kanisa za kuzika ambazo ni za majeri na zinatoa machozi. Ziko za mineri ambazo watu wanazicheza hadi asubuhi. Lakini wimbo uliotungwa kwa mineri ukisindikizwa kwa majeri, vitu viwili vinagombana ndani ya sikio, na anayeshindwa ni mwimbaji. Ndilo lililompata yule mama kwenye matanga.

Kwa nini tunasema dawa ipo? Kwa sababu watu wengine walikutana na shida ya namna hii zaidi ya miaka mia iliyopita, nao hawakuitupa harmonika. Hao ni Waafrika wa Marekani, wale wa majimbo ya kusini, watoto na wajukuu wa watumwa. Harmonika ya Kijerumani ilifika mikononi mwao kwa sababu ilikuwa rahisi kununua na rahisi kubeba shambani. Muziki wao waliuita bluzi.

Vijana wetu wengine wanapenda kusema kwamba bluzi ni yetu, ilitoka hapa. Tuwe waangalifu. Watu wa Maniema waliochukuliwa utumwani walielekea mashariki: Kasongo, Ujiji, Tabora, hadi pwani na Unguja. Ndiyo maana mpaka leo kuna Wamanyema Kigoma na Bujumbura, na huko Dar es Salaam, Kariakoo, kuna msikiti wenye jina la Manyema. Waliofika Marekani walivushwa bahari nyingine, wakitoka hasa Afrika ya Magharibi na pande za mdomo wa mto Kongo na Angola. Kwa hiyo bluzi si mtoto wetu. Ni mtoto wa jirani aliyeonja kilio kinachofanana na chetu, na tunaweza kujifunza kwake bila kujidai.

Wamama watapenda kumjua DeFord Bailey, aliyezaliwa Tennessee mwaka 1899. Alipata polio akiwa na miaka 3, akalala kitandani muda mrefu, na ni hapo kitandani alipojifunza harmonika. Baadaye radio ya Nashville ilimfanya ajulikane nchi nzima. Na watapenda zaidi kumjua Willie Mae Thornton, aliyeitwa Big Mama. Alizaliwa Alabama mwaka 1926, baba yake mhubiri, mama yake mwimbaji wa kanisa aliyefariki yeye akiwa bado msichana. Aliimba, alipiga ngoma, na harmonika alijifundisha mwenyewe. Tunamtaja kwa sababu katika nyumba nyingi za kwetu, harmonika ikiletwa, inapewa mtoto wa kiume, na dada zake wanaachiwa kuitikia. Hatujaona sababu ya jambo hilo zaidi ya mazoea.

Huyo Big Mama alitunga wimbo unaoitwa "Ball and Chain", yaani mnyororo na lile tufe la chuma walilofungwa wafungwa. Mwimbaji Janis Joplin na wenzake waliuchukua, wakaupunguza mwendo na kuutoa kwenye majeri kuupeleka kwenye mineri, na mwaka 1967, kwenye tamasha la Monterey, watu waliousikia walishangaa. Wimbo ni ule ule, mwenye kuutunga ni yule yule, lakini wakati huu nusu-hatua moja ilikuwa imehamishwa.

Watu wa bluzi walifanya nini na harmonika? Walihamisha nyumbani. Badala ya kurudi kwenye do ya kupuliza, walirudi kwenye sol ya kuvuta, tundu la 2. Kuvuta kunampa mpigaji nguvu moja ambayo kupuliza kwa matundu ya chini hakumpi: anaweza kuipinda sauti, kuishusha kidogo kidogo kama mtu anayelia. Inafanyika hivi: unavuta tundu moja peke yake, kisha huku ukiendelea kuvuta unashusha taya na kurudisha ulimi nyuma, kama unatoka kwenye "i" kwenda kwenye "u". Noti inashuka. Matundu ya 1, 2, 3, 4 na 6 yanakubali. La 5 linakataa karibu kabisa. Mtoto atafanya majuma kadhaa bila kupata kitu, halafu asubuhi moja itatoka yenyewe. Mwacheni, msimwambie anapiga kelele.

Lakini njia hiyo ya sol, ambayo ndiyo wapigaji wengi wa bluzi wanaanza nayo, haitoshi kwa wimbo wa mineri. Angalieni daftari lenu: ukivuta matundu ya 2, 3 na 4 pamoja unapata sol, si, re. Hiyo ni majeri bado! Si inacheka pale ambapo wimbo unalia. Ni lazima uipinde si ya tundu la 3 iteremke nusu-hatua kila mara unapoigusa, na si ya tundu la 7, huko juu, haipindiki hivyo, hiyo uiruke. Fundi anaweza. Mtoto wa darasa la sita hawezi, na kusema kweli hata watu wazima wengi wanashindwa, wimbo unabaki nusu chungu nusu tamu.

Basi ziko njia mbili nyingine, na hizi ndizo tuliziona zinafaa watoto wetu.

Ya kwanza ni njia ya re. Wapigaji wanaiita nafasi ya tatu, na Little Walter, yule wa Louisiana aliyezaliwa mwaka 1930 na ambaye wengi wanamweka juu ya wote, aliitumia. Nyumbani ni re, tundu la 4, kwa kuvuta. Vuteni matundu ya 4, 5 na 6 kwa pamoja. Mnasikia nini? Re, fa, la. Mineri kamili, imekaa humo ndani siku zote, na huhitaji kupinda kitu. Matundu ya 8, 9 na 10 yakivutwa yanatoa ile ile, juu zaidi. Siku tulipowasikilizisha watoto akordi hiyo, mmoja alifikiri tumebadilisha harmonika.

Kupanda ngazi ya re ni hivi: vuta 4 (re), puliza 5 (mi), vuta 5 (fa), puliza 6 (sol), vuta 6 (la), vuta 7 (si), puliza 7 (do), vuta 8 (re). Hatari iko mahali pamoja tu, kwenye si ya tundu la 7. Nyimbo nyingi za huzuni zinataka pale noti iliyo chini yake kwa nusu-hatua. Ukigusa si, wimbo unafumbua macho ghafla, kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini. Wakati mwingine inapendeza, maana wimbo wenyewe uko hivyo. Kama hupendezwi, iruke: toka la, nenda moja kwa moja do. Watoto wanaelewa amri fupi, na sisi tuliwapa hii: tundu la 7 usivute, puliza tu.

Njia ya re ina jambo lingine ambalo mama atalitambua kwa kumwangalia mtoto. Noti zake nyingi ni za kuvuta, kwa hiyo mapafu yanajaa, mtoto anakuwa kama kibuyu kilichofurika, uso unabadilika. Asiache kupiga; atoe hewa kwa pua wakati wa noti fupi za kupuliza, ama anyamaze kidogo mwisho wa mstari. Huko kunyamaza tutarudi.

Njia ya pili ni ya la, nafasi ya nne. Nyumbani ni la, tundu la 6, kwa kuvuta. Ngazi ni hii: vuta 6 (la), vuta 7 (si), puliza 7 (do), vuta 8 (re), puliza 8 (mi), vuta 9 (fa), puliza 9 (sol), vuta 10 (la). Hapa hakuna noti ya kuruka, kila kitu kipo, ni mineri ya kawaida jinsi korali inavyoijua. Kwa wimbo ambao njia ya re inauvunja kwenye si, hii ndiyo dawa. Ila ina bei yake. Kwanza, hakuna akordi: la inavutwa, do na mi zinapulizwa, huwezi kuvuta na kupuliza kwa pumzi moja. Mtoto apige noti moja moja. Pili, wimbo ukishuka chini ya tundu la 6 unaenda vizuri (sol, fa, mi, re, do, si) halafu unafika mahali ambapo la ya chini haipo. Inapatikana kwa kuvuta tundu la 3 na kulipinda hatua nzima, na hilo ni la mtoto aliyekomaa. Kumbukeni kwamba katika matundu matatu ya kwanza fa na la hazipo. Waliozipanga hawakuzisahau, waliacha nafasi ili akordi za kupuliza na kuvuta zikae vizuri.

Iko pia njia ya mi, kwenye tundu la 2 na la 5 kwa kupuliza. Inafaa nyimbo fupi zisizogusa fa. Hatutaieleza zaidi, kwa sababu nyimbo tulizojaribu hazikuihitaji.

Herufi ikiwa nyingine, hesabu ni rahisi: njia ya re daima ni hatua moja juu ya herufi. Harmonika ya G, yaani sol, itatoa mineri ya la. Ya A, yaani la, itatoa mineri ya si. Huko ng'ambo wanauza hata harmonika zilizopangwa mineri tangu kiwandani. Lee Oskar, mpigaji aliyezaliwa Denmark, anazo zenye jina lake. Mtu akimletea ndugu zawadi kutoka mbali, vizuri. Lakini mama asiuze kuku kwa ajili hiyo. Ile ya sokoni inatosha.

Sasa tuje kwa waimbaji, maana kazi kubwa iko kwao. Harmonika haiwezi kuwafuata. Gitari inaweza kukazwa, mwimbaji anaweza kupanda na kushuka, lakini ulimi wa shaba unatoa noti yake tu. Wamama ndio watakaoifuata, na hilo linataka unyenyekevu kidogo kwa wale walioanza kuimba kabla mpigaji hajazaliwa. Mkianza wimbo kwenye sauti yoyote iliyowajia, mtoto atatafuta mpaka wimbo uishe. Kwa sauti za wamama wengi, re ya chini inakaa vizuri kifuani, na harmonika italia juu yake.

Halafu kuna lile la kunyamaza. Katika bluzi, harmonika haisemi pamoja na mwimbaji. Mwimbaji anaimba mstari, harmonika inajibu. Anaimba tena, inajibu tena. Nani kati yetu hajui jambo hilo? Ndivyo tunavyoimba tangu bibi zetu: mmoja anatoa, wengine wanaitikia. Kwa hiyo tuliwaambia watoto wasipige juu ya maneno hata kidogo. Maneno ya wimbo wa matanga yanataja majina, yanataja njia aliyopita mtu, na mwenye msiba anataka kuyasikia. Mtoto angoje mstari uishe, avute 4, 5, 6 kwa upole, aiache ife. Mtoto wa kike wa darasa letu, mwembamba na mwenye haya, alilishika hilo kuliko wavulana wote, kwa sababu haoni haya kukaa kimya.

Bluzi nyingi zenyewe, tuseme, si za mineri; zile za mineri ni chache na ndiyo maana zinakumbukwa. Iliyo maarufu zaidi, "The Thrill Is Gone" ya B.B. King ya mwaka 1969, iliimbwa katika nchi yetu. Ilikuwa Kinshasa, Septemba 1974, kwenye tamasha la siku tatu katika uwanja uliokuwa unaitwa 20 Mai, sasa Tata Raphaël, kabla ya ndondi za Muhammad Ali na George Foreman. B.B. King alipiga gitari, si harmonika. Lakini atakayepata video yake kwenye simu amsikilize namna anavyoimba, ananyamaza, gitari inajibu, tena haifanyi haraka. Katika tamasha hilo hilo aliimba Miriam Makeba, na Abeti Masikini, binti wa Kisangani. Msikilizeni pamoja na watoto, jioni, kabla beteri haijaisha.

Mambo mawili ya nyumbani. Harmonika ni ya mdomo mmoja. Watoto wanapenda kupokezana, na mate yanabaki ndani ya matundu. Mafua, vidonda vya mdomo, na mpox ambayo Maniema inaijua, vinaweza kupita hapo. Darasani aliyeishika siku hiyo ndiye aliyeipiga siku hiyo, wengine waliimba, na haikwenda kwa mwingine kabla ya kusafishwa na kukauka vizuri. Ikiwa na mwili wa plastiki, isuuzwe kwa maji safi ya uvuguvugu, ipigwepigwe kwenye kiganja matundu yakiangalia chini, ikauke kivulini. Maji ya moto yanaiharibu, na ile ya mbao isiingizwe majini kamwe, mbao inavimba. Hiyo ibaki na mwenyewe. Mtoto asipige akiwa ametoka kula mihogo au karanga. Chembe moja ndogo inaubana ulimi, na mtadhani harmonika imekufa.

La pili ni la heshima. Jamaa nyingi za Kasongo na za kwetu ni za Kiislamu, na ziko nyumba ambazo hazitaki chombo chochote kilie penye maiti. Ziko na jamaa za Kikristo zenye msimamo huo. Mwenye msiba aulizwe kwanza, na aulizwe na mtu mzima, si na mtoto. Akikataa, yaishe.

Na ziko nyimbo ambazo harmonika haiziwezi kabisa. Baadhi ya nyimbo za zamani za Wabangubangu, Wazimba na Wakusu hazikutungwa kwa kufuata do-re-mi. Zina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili, na mama mzee anayeziimba anajua sawasawa anakokwenda. Tulijaribu wimbo mmoja wa namna hiyo kwa njia ya re, kwa njia ya la, kwa kupinda. Kila mara harmonika ilimvuta mwimbaji aache noti yake achukue ya Trossingen. Tuliiweka mezani. Wimbo ule uimbwe kwa kifua na makofi, na vijana wauandike maneno yake kwenye daftari wakati wenye kuujua bado wapo.

Kwa zile zinazokubali, kikundi chetu kimeshachagua mbili za kuanza nazo, zote kwa njia ya re. Mtoto anakaa karibu na mama anayetoa wimbo, wala si nyuma ya watu. Anavuta tundu la 4, moja tu, kwa muda wa kuhesabu hadi nne. Mama anaishika re hiyo kimya kimya mdomoni, anaishusha kwenye sauti yake ya chini, na mtoto anaondoa harmonika mdomoni. Ndipo wimbo unaanza.